Kitanda Bila Matofali

Katika mtaa wa Kitosi, bondeni mwa Kampala, mvua haipimwi kwa milimita. Inapimwa kwa matofali. Mvua ya tofali moja ni ile inayokulowesha nyayo ukishuka kitandani. Ya mawili inakuingizia kandambili za jirani. Ikifika matatu, godoro linapanda juu ya meza na watoto wanapanda juu ya godoro. Mvua ikikatika, kabla hata ya kupeana pole, watu huulizana ukutani kwa sauti: "Mangapi?" Na jirani hujibu: "Mawili na nusu. Kwako?" Kila kitanda cha Kitosi kimesimama juu ya matofali, na msichana akiolewa mtaani hapo hapelekewi sufuria tu, hupelekewa na matofali kumi na sita, manne kwa kila mguu wa kitanda. Wageni huliona hilo la kuchekesha.

Nabbosa alikulia juu ya kitanda cha namna hiyo, akilala mzungu wa nne na shangazi yake, Ssenga Lozaliya. Baba yake alikufa yeye akiwa na miaka minne, mama akaolewa kwingine, naye Ssenga akamchukua mtoto wa kaka yake bila kuuliza kikao. Ssenga alikuwa mfupi, mwenye mdomo uliomzidi kimo, na alichoma gonja pale njia panda, zile ndizi tamu za kuchoma, mpaka moshi ukampa macho mekundu ya kudumu. Kwa gonja hizo Nabbosa alimaliza chuo kikuu akawa mhandisi wa maji. Kwa miaka kumi na mitano alichora mifereji ya mitaa ya watu. Siku mpango wa barabara ya Kitosi ulipoingia ofisini kwao, aliuomba kama mtoto aombavyo mnofu.

Alikwenda kumweleza Ssenga pale pale kwenye jiko lake. Alipiga magoti vumbini na suruali yake ya ofisini, akaamkia, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Ssenga, miaka yote tumekuwa tukiyafukuza maji. Tunayachimbia mtaro, yanakimbia, yanamkuta aliye chini. Na aliye chini ni nani?"

"Ni mimi," Ssenga alisema. "Mimi na choo cha Kayizzi."

"Sasa hatuyafukuzi tena. Tunayakaribisha."

Ssenga aligeuza gonja. "Umesoma miaka yote ile ili uje kuyakaribisha maji?"

"Si kwako, jamani! Kule juu mlimani." Akachukua kijiti akachora chini. Kando ya barabara, pande zote mbili, kutoka juu mpaka bondeni, yatachimbwa mashimo marefu sitini na manne, kina chake kifuani kwa mtu. Ndani vitajazwa vijiwe vya ukubwa wa ngumi, na katikati ya vijiwe, mboji na chenga za mkaa. Juu utapandwa mti wa musambya, ule wenye maua ya manjano. Ukingo wa barabara utaachiwa midomo. Maji yakiteremka yatakuta mdomo, yataingia, yatajibanza kati ya mawe, yatanywewa na mti na ardhi polepole. Yatakayofika bondeni yatakuwa makombo.

"Chenga za mkaa," Ssenga alisema. "Mwenzio natafuta mkaa wa kuchomea gonja, wewe unaumwaga shimoni. Ndiyo maana huolewi."

"Ssenga, nisikilize. Mvua za Machi zikija, hutainua kitanda."

Ssenga aliacha koleo. "Sema tena."

"Hutainua kitanda."

Alirudi kwenye gonja zake. Lakini mashimo yalipokamilika mwezi wa pili, na msimamizi wa vibarua, Ddumba, alipokuja kupanda musambya wa mwisho mbele ya mlango wake, Ssenga aliingia ndani, akatoka amebeba tofali. Akarudi, akatoka na jingine. Aliyatoa yote kumi na sita mchana kweupe, barabara nzima ikitazama, akauzungushia ule mche kama mtu anayejenga jiko. Kisha akajipangusa mikono na kutangaza kwamba yeye kuanzia leo analala chini kama malkia.

"Utalala chini kama kambare!" alimpigia kelele Kayizzi, mchomeleaji wa milango na madirisha aliyekaa ng'ambo ya barabara.

"Kambare ni wewe na ndevu zako hizo. Mwanangu kasema."

Lilibaki jambo moja. Kingo za mashimo zilitaka kitu cha kuzilinda, maana bodaboda walikuwa wanaegesha juu ya udongo laini na mbuzi wanapita watakavyo. Waliweka vigingi vya mbao, vikaibwa kwa kuni. Ddumba akataja nondo, Nabbosa akacheka, nondo Kitosi haifikishi asubuhi. Ndipo alipokumbuka luwanyi, ule mmea wa majani marefu. Mbuzi haili. Haifai kuni. Ukichomeka kipande kwenye tope kinachipua, na mizizi yake inashika udongo. Kwenye karatasi lilikuwa jibu lisilo na kasoro.

Luwanyi ndiyo ile ambayo Wachaga huiita isale, na kuombea msamaha kwa jani lake. Buganda imeipa kazi nyingine. Ukiona luwanyi zimesimama mstari, ujue hapo ardhi ya mtu imeishia na ya mwingine imeanza, na wazee wa kusuluhisha mashamba huiuliza luwanyi kabla ya kumuuliza shahidi. Nabbosa alilijua hilo kama alivyolijua jina la ukoo wake. Hakusahau, la hasha. Aliona tu kwamba pale barabarani haihusu, na kila mtu ataona hivyo hivyo. Msomi akishapata jibu lake, huwa anadhani na wenzake wameshalisoma.

Siku ya Alhamisi zilipokuwa zinapandwa, Ssenga alikuja na koleo mkononi.

"Nani kakutuma kuotesha hizo?"

"Mimi mwenyewe. Si nzuri?"

"Nabbosa, mmea huo unasema."

"Useme, Ssenga. Useme 'usiegeshe pikipiki hapa.'"

"Haujui lugha ya ofisini. Unajua neno moja tu."

"Lipi?"

"Toka." Ssenga aliinua koleo akaonyesha nyumba moja baada ya nyingine. "Hapa nani ana hati? Tuna vibanja, ardhi ya kukalia tu, na midomo yetu. Mwaka jana kule ng'ambo ya mfereji mkubwa, watu waliamka wakakuta luwanyi. Jioni yake likaja tingatinga."

"Mimi ndiye nimepanda! Watu hawa wamenifuta makamasi, wananijua."

"Wanakujua ulivyokuwa na makamasi. Ulivyo na gari hawakujui." Kisha akashusha sauti. "Ita watu uwaambie kwanza, mwanangu. Asiyesikia la mkuu..."

"...huvunjika guu. Nimesikia, Ssenga. Wiki ijayo nitaitisha mkutano."

Wiki ijayo. Alikuwa na ripoti ya kumaliza, na miti ilikuwa imependeza, na alimbusu shangazi yake kwenye kilemba akaondoka zake.

Jumamosi saa nne asubuhi Ddumba alimpigia simu, akashindwa kueleza. Nabbosa alipofika na bodaboda alikuta watu wa Kitosi wametoka wote na majembe. Luwanyi zilikuwa zimeng'olewa. Na walipokwisha kung'oa luwanyi waliing'oa na miti, kwa sababu mti nao ni dai, aliyeupanda kesho atakwambia ardhi ni yake. Mashimo waliyafukia kwa udongo, kwa vifusi, kwa mifuko ya takataka ya wiki nzima. Kayizzi alisimama juu ya shimo lililokuwa mbele ya karakana yake, mtaimbo begani.

"Karibu, nnyabo, bibi mhandisi. Umekuja kutupimia na makaburi?"

"Kayizzi, ile ni miti ya maji!"

"Miti ya maji ina mipaka? Umepanda luwanyi hatua mbili ndani ya kibanja changu. Hebu niambie, mlango wangu sasa uko kwangu au kwako?"

"Ni ya kuzuia pikipiki tu..."

"Nani kakutuma? Mtaje jina."

Nabbosa alikunjua mchoro kuwaonyesha, na hapo ndipo alipouona kwa macho ya Kayizzi. Mistari myekundu ilipita mbele ya kila nyumba, kila mstari na namba yake. Aliukunja tena haraka. Kayizzi hakuwa mtu mbaya, na ni haki lisemwe. Alikuwa ameshafukuzwa mara mbili maishani, mara ya pili mkewe akiwa mjamzito, na mara zote mbili alikuja kwanza mtu nadhifu mwenye karatasi.

Mti mmoja tu ulibaki umesimama. Ssenga alikuwa amekaa mbele yake, juu ya matofali, koleo magotini.

"Nimewaambia atakayeugusa namchoma kama gonja," alisema.

Nabbosa aliketi chini kando yake akalia waziwazi, mtu mzima wa miaka arobaini. Hakuwa analilia miti. Ule mtaro wa zamani wa barabara vibarua walikuwa wameshauziba, maana mashimo ndiyo yangefanya kazi yake. Sasa mashimo nayo yameziba. Maji hayakuwa na pa kwenda isipokuwa mlangoni kwa Ssenga.

"Yarudishe matofali chini ya kitanda, Ssenga. Leo hii. Maji yatakuja kuliko zamani."

"Nikiyarudisha nitakuwa nimewaambia wote kwamba mwanangu ni mwongo."

"Nakuomba. Basi njoo ukae kwangu."

"Nani atalinda mti? Matofali yana kazi, usiyaguse. Wewe nenda kanawe uso, kisha nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukaombe huo mkutano wako."

Mkutano ulipangwa Jumatano. Lakini Ssenga hakuungoja. Jumapili baada ya misa alivaa gomesi yake ya kijani akapita nyumba kwa nyumba. Hakusema habari za mboji wala vijiwe. Alisema: "Nabbosa hakuwawekea ninyi mpaka. Kayawekea maji mpaka. Kayaambia, kwenu ni huko shimoni, kwetu ni huku. Luwanyi ile mliyoing'oa ilikuwa inayaambia maji neno lake lile lile. Toka." Mwisho alifika kwa Kayizzi. Kayizzi alichezea ndevu zake.

"Si angesema hivyo," alisema.

"Kasoma mno," Ssenga alijibu. "Msameheni."

Wakakubaliana kwamba Jumatano, mkutano ukiisha, watashika majembe wayafukue wote pamoja. Ssenga alimpigia Nabbosa simu kumwambia, akicheka mpaka akakohoa. Siku hiyo Nabbosa alilala usingizi alioukosa usiku wa Jumamosi.

Mvua ilikuja Jumanne, saa nane mchana.

Nabbosa aliiona kutoka dirishani kwa ofisi, kule ng'ambo ya mji. Wingu lilikuwa limeukalia mlima wa Kitosi kama sufuria jiko. Alipiga simu, ikaita, ikaita. Ilipopokelewa alisikia kwanza maji.

"Ssenga! Uko wapi?"

"Niko huku juu, shimo la kwanza! Nazibua mdomo!"

"Toka hapo! Ingia kwa mtu yeyote, panda juu ya kitu, Ssenga, nakuomba!"

"Linakunywa, Nabbosa!" Shangazi alikuwa anapiga kelele kwa furaha, kama msichana. "Nimetoa takataka za juu na jembe, linakunywa! Maji yanaingia yote, hayaonekani yanakokwenda! Ungeliona! Ngoja nishuke la pili..."

Simu ikakatika. Nabbosa aliipiga mara thelathini akiwa juu ya bodaboda, na kisha akitembea, kwa kuwa bodaboda walikuwa hawapiti tena.

Kayizzi ndiye aliyemwona Ssenga amesimama mvuani kwenye shimo la pili, akichota mifuko ya takataka. Akachukua mtaimbo wake akapanda kumsaidia, Mungu amlipe kwa hilo. Walizibua la pili. Walikuwa wanashuka kwenda la tatu maji yalipoteremka kwa mkupuo mmoja kutoka juu, na vifusi na magogo, yakamkumba Ssenga miguuni. Kayizzi alimdaka. Nabbosa alipofika alimkuta Kayizzi ameketi kizingitini kwake, maji kiunoni, leso ya Ssenga imemzunguka mkononi.

"Nilimshika," alisema. "Nilimshika kabisa, nnyabo. Ikabaki leso."

Walimpata kesho yake alfajiri kwenye mfereji mkubwa. Mvua ile ilikuwa ya matofali matano, na hakuna aliye hai Kitosi aliyewahi kuiona nyingine kama hiyo. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza mwenzake "mangapi?" Ilikuwa Jumatano, siku ya mkutano.

Alizikwa kijijini Ssingo, kwenye makaburi ya ukoo, amefungwa nguo za magome zilizoletwa na wenye uchungu naye. Watu walikuja wakampa pole, "kitalo, nnyabo, kitalo", na Nabbosa alijibu kila mmoja kama ilivyo desturi, huku kichwani mwake sauti ileile ikirudi, ngoja nishuke la pili. Alijilaumu, na hapakuwa na wa kumwambia asijilaumu, kwa kuwa wote walijilaumu. Kitosi ilijaza mabasi mawili. Waliofukia mashimo ndio waliochimba kaburi, hawakukubali wenyeji wa kijiji waguse majembe.

Udongo ulipokwisha kurudishwa, Kayizzi alisogea amebeba beseni la bluu. Aliliweka chini mbele ya Nabbosa.

"Tulilikuta kwake," alisema. "Kitanda kilikuwa chini, kimezama. Lenyewe lilielea, maji yalipokwisha likawa limekaa juu ya godoro."

Ndani yalikuwa maji ya matope na vipande vya luwanyi, kumi na kimoja, vimefungwa kwa ukambaa wa mgomba. Ssenga alikuwa amevikusanya kwenye takataka ile Jumamosi, akaviweka majini, vingoje Jumatano. Kila kimoja kilikuwa kimeanza kutoa vijizizi vyeupe, vidogo kama uzi wa kushonea.

Huko kwao, luwanyi hupandwa pia kaburini, ili hata nyumba ikianguka na watu wakihama, ijulikane kwamba hapa kuna mtu na asisumbuliwe. Nabbosa alipiga magoti. Kayizzi alichuchumaa akawa anamkabidhi kimoja kimoja, naye anachomeka, anashindilia kwa kiganja mara mbili ili hewa isibaki, jinsi alivyowafundisha vibarua wa Ddumba. Walipofika cha kumi na moja Kayizzi alisema, bila kumtazama:

"Hizi hakuna atakayezing'oa."

Kitosi waliyafukua mashimo mwezi wa tano, wenyewe, kila mtu lililo mbele ya mlango wake. Walipanda musambya upya, na kingoni, luwanyi. Kayizzi alipanda za kwake kwa mkono wake, zikaingia hatua mbili ndani ya kibanja chake, naye hakuzisogeza.

Mvua kubwa ya kwanza baada ya hapo ilikuja Septemba, mchana. Wingu lilipotanda tu, Nabbosa aliondoka ofisini akaenda kwenye chumba cha Ssenga, ambacho alikuwa bado hajaweza kukiachia. Kitanda kilikuwa pale pale chini, godoro jipya, bila tofali hata moja. Aliketi, akavua viatu, akaweka nyayo sakafuni akangoja. Mvua ilipiga mabati saa nzima, ikawa kama inataka kuingia kwa nguvu. Nje maji yalisikika yakiteremka, yakikoroma kwenye midomo ya barabara, mmoja baada ya mwingine, kutoka juu kuja chini. Alipapasa sakafu kwa mkono, chini ya mlango, chini ya kitanda, mpaka pembeni kabisa ambako tope la Machi lilikuwa limeacha alama ukutani.

Mvua ikakatika. Sauti ya Kayizzi ikaja kutoka ng'ambo ya barabara, imekwaruza, haina mzaha.

"Nnyabo! Mangapi kwako?"

Nabbosa aliinua nyayo zake, kavu, kutoka sakafuni. Alikilalia kile kitanda, akaukumbatia mto uliokuwa upande wa Ssenga.

"Hata moja," alisema, lakini kwa sauti ambayo Kayizzi asingeweza kuisikia. "Hata moja, Ssenga."